Pete ya dhahabu imegeuka nyeupe kama bati: kabla hujamfukuza mume, soma hapa

Fundi_Makoroboi

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa kwenye meza ya usonara hapa Mwanza mjini mwaka wa kumi na nne sasa, na kitu nitakachosimulia nimekutana nacho mara tano au sita. Kila mara kinaanza na ugomvi.

Wiki mbili zilizopita kaja dada mmoja, kafungua fundo la kanga, katoa pete na kuiweka mezani bila salamu. "Hii niliambiwa dhahabu. Niambie ni nini."

Pete ilikuwa nyeupe. Si yote. Upande wa kiganjani ilikuwa nyeupe kabisa, inang'aa kama tumbo la dagaa, na huku juu njano imebaki mabaka mabaka. Ndani muhuri wa 750, alama ya dhahabu, unasomeka bila miwani. Kaolewa miezi minane tu, na mume alishahamia kwa kaka yake Igoma kwa kosa la kununua feki.

Nikaiweka kwenye mizani: gramu 4.26. Nikamwomba risiti, na bahati nzuri alikuja nayo ili akamkomoe aliyewauzia. Risiti inasema 4.20.

Hapo nikaacha kuitazama pete nikamtazama yeye. Pete inayovaliwa hupungua, tena kidogo sana kwa miaka. Haiongezeki. Nikamwuliza, "Mkono huu unashika nini, dada?" Akanitajia sabuni, unga, sufuria. Anauza chakula kwenye mwalo, upande wa Geita. (Watu wa Kirumba mkisikia mwalo mnawaza sato. Kule mwalo ni pale wanapooshea dhahabu, kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe.) Nikauliza tena. Akakaa kimya, kisha akasema kuna siku mume alipata mzigo mzuri, akampa kile kidonge ndani ya kitambaa amsaidie kukamua.

Basi jibu ndilo hilo. Zebaki.

Wachimbaji wadogo wanaitumia zebaki kwa sababu inaikamata dhahabu na kuacha mchanga; kile kidonge ndicho zebaki iliyoshikana na dhahabu, wanakikamua kwenye kitambaa zebaki ya ziada itoke. Sasa zebaki haijui kwamba dhahabu ya kwenye kitambaa ni ya kazi na ya kidoleni ni ya ndoa. Ikigusa inaingia, na palipoingia panakuwa peupe. Ndiyo maana uzito uliongezeka: alikuwa amevaa zebaki ya gramu 0.06 kidoleni, huku akipika.

Pete haikuwa feki.

Ila naomba mnisikilize hapa. Ukiiona ya kwako imekuwa hivyo, usiisugue na usiipashe moto nyumbani, si kwenye jiko la mkaa, si kwenye gesi, si nje uani. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, dhahabu safi inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, kwa hiyo ni kweli ukichoma zebaki inaondoka na pete inabaki. Inaondoka kwenda wapi? Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Unaingia kwenye mapafu, unafika kwenye ubongo na figo, na mwenye mimba anampitishia mtoto. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, peke yake, isiguse dhahabu nyingine maana inaambukiza, na umpelekee mtu mwenye kifaa kilichofungwa kinachokamata ule mvuke. Mimi sinacho. Niliipeleka kwa mwenye nacho.

Dada huyu kanipa ruhusa niandike. Maswali ya dhahabu na vito karibuni, leo sina kazi ya haraka.

MtuWaMiamba

Uzi mtamu. Fundi, hiyo pete inarudi kuwa kama zamani au ndo basi?

Fundi_Makoroboi

Inategemea imeingia kiasi gani. Ikiwa ngozi ya juu tu, baada ya kutoa zebaki pete inabaki na uso uliofifia, wenye vitundu vidogo kama ganda la embe lililochomwa na jua. Unaipiga tupa laini, unaing'arisha, inakaa. Ikiwa imezama, dhahabu inakuwa dhaifu, unaikunja kidogo inapasuka, na pale ilipochomelewa ndipo huachia kwanza. Yenye kito lazima kito kitolewe kabla ya moto. Ya dada ilikuwa haina kito, nashukuru Mungu.

BintiUkerewe

Samahani kaka fundi, mimi yangu kinyume. Ilikuwa nyeupe, dhahabu nyeupe kabisa niliambiwa, sasa inageuka njano kwa chini. Na sijawahi kushika zebaki, mimi ni mwalimu.

Fundi_Makoroboi

Mwalimu, yako ni nzima. Hakuna dhahabu inayochimbwa nyeupe. Inachanganywa na palladiamu au nikeli ili ififie, kisha inapakwa utando mwembamba wa rodiamu, ndio ule weupe wa kioo uliokupendeza dukani. Utando unalika kwa kuvaa, tena pete unalika kiganjani kwanza, pale unaposhika chaki na begi. Unapakwa upya na unaendelea na maisha. Sonara asiyekuambia hilo siku ya kununua kakunyima nusu ya habari.

MamaKirumba

Mimi nikivaa dhahabu kidole kinakuwa cheusi. Shangazi yangu alisema damu yangu haipatani na dhahabu. Nikaacha kuvaa. Ni kweli?

Fundi_Makoroboi

Mama, shikamoo. Damu yako haina ugomvi na mtu. Dhahabu yenyewe haifanyi lolote na jasho, ila pete karibu zote zina wenzake ndani, shaba na fedha, na hao ndio wanaoweka weusi na ukijani. Karati 9 ina dhahabu sehemu 9 kati ya 24, zaidi ya nusu ni wengine. Ukivaa ya 18 au 22 huenda usione kitu.

Na kuna la pili ambalo halisemwi. Poda na baadhi ya vipodozi vina unga mgumu wa zinki. Ukijipaka halafu ukavaa, ule unga unaisaga dhahabu taratibu, na dhahabu iliyosagwa laini sana huonekana nyeusi. Osha mikono, kausha, ndipo uvae. Jaribu wiki moja kabla hujampa shangazi ushindi.

MamaKirumba

Marahaba mwanangu. Shangazi ni marehemu lakini nitajaribu.

Kijana_wa_Buzuruga

Mkuu, tuachane na hayo. Natarajia kuoa mwezi wa kumi na mbili. Nitajuaje sipigwi? Nimesikia sumaku na kung'ata.

Fundi_Makoroboi

Hongera kwanza.

Sumaku: dhahabu haivutwi, sawa, lakini na shaba haivutwi, wala fedha. Kwa hiyo sumaku itamkamata mwizi mvivu tu. Na mkufu halali unaweza kuvutwa kwenye kile kifungio kwa sababu springi ya ndani ni ya chuma. Kung'ata utapoteza jino.

Muhuri unasaidia kuanzia. 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22, maana yake sehemu ngapi kati ya elfu moja ni dhahabu. 925 ni fedha, si dhahabu, na kila mwezi kuna mtu anatoka dukani kwangu kanuna kwa sababu hiyo. Lakini muhuri ni kipande cha chuma na nyundo. Hata wewe nikikuazima utagonga 750 kwenye kijiko.

Mimi napima hivi. Nina jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa simu ndogo. Navuta pete juu yake mpaka unabaki mstari wa dhahabu kama wa kalamu. Pembeni yake navuta mstari mwingine kwa sindano yangu ya karati 18 ninayoijua. Natonesha asidi ya karati hiyo juu ya mistari yote miwili, natulia, naangalia. Shaba inachemka ukijani na mstari unafutika kama chaki iliyopigwa maji. Karati 9 inayojifanya 18 inafifia huku sindano yangu imekaa pale pale. Hakuna maneno mengi, mteja anaona mwenyewe. Kwa ile ya kuchovya, yaani chuma kingine kilichopakwa dhahabu juu, mstari wa kwanza unadanganya, kwa hiyo kwanza napiga tupa mahali pasipoonekana nifike chini ya ngozi. Mashine za kupima za kisasa nazo ni nzuri, ila zinasoma uso, siyo tumbo. Ukichovya dhahabu nene ya kutosha na mashine inakuamini.

Halafu mizani. Omba uione ikiwa sifuri kabla pete haijapanda. Kama ina vito, uliza uzito wa vito umetolewa au unanunua kioo kwa bei ya dhahabu. Risiti iandikwe gramu, karati na aina ya kito. Risiti ya dada yule ndiyo iliyomwokoa mumewe.

DagaaMchele

Mimi niko Mwaloni, nina pete ya karati 9. Chumvi ya samaki inaharibu? Na ute wa sato unanasa mle kwenye maua ya pete hautoki.

Fundi_Makoroboi

Chumvi na jasho vinaila ile shaba ya karati 9 pole pole, ndiyo maana inapoteza mng'ao. Si janga. Ute uloweke kwenye maji ya vuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo, robo saa, kisha mswaki laini wa mtoto, ukisugua kutokea nyuma maana uchafu unakaa nyuma. Fanyia kwenye beseni. Nimeshafungua mabomba ya sinki ya watu wanne.

Ila wewe nina neno jingine nawe. Maji ya ziwa alfajiri ni ya baridi na kidole hupungua kwenye baridi, pete inateleza bila kujua. Na wanaovuta nyavu, vueni kabisa. Wavu au kamba ikinasa kwenye pete na mtumbwi ukavuta, pete haikatiki. Kinachoondoka ni nyama ya kidole. Nimekata pete kwenye vidole vilivyovimba, sitaki kusimulia.

DagaaMchele

Wabeja. Naifunga shingoni kuanzia kesho.

Sista_Nyegezi

Jamani tanzanite yangu!! Karati moja na nusu, zawadi ya miaka kumi ya ndoa. Nilikuwa nakaanga samaki, mafuta yakanirukia, nikachovya mkono kwenye ndoo ya maji ya friji. Sasa kuna mstari ndani ya jiwe kama unywele. Nilidhani jiwe la thamani halivunjiki.

Fundi_Makoroboi

Pole sana dada, na mkono pia.

Hapa watu wengi wanachanganya ugumu na uimara. Ugumu ni kutokukwaruzwa. Uimara ni kutokupasuka. Almasi ndiyo ngumu kuliko vito vyote, lakini ukiigonga kwa nyundo upande wake mbaya inapasuka. Tanzanite ugumu wake ni 6 mpaka 6.5 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na ndani yake ina upande mmoja ambao inagawanyika kirahisi kama ukuni uliokauka. Moto kwenda baridi ghafla inaogopa. Cha ajabu ni kwamba lile buluu lenyewe limetokana na moto: nyingi zinatoka Mererani zikiwa za kahawia, zinapashwa kwenye tanuru. Lakini kule joto linapanda na kushuka kwa utaratibu. Ndoo ya friji haina utaratibu.

Usiirudishe kidoleni. Lete, nione kama makucha yanayoishika bado yanabana. Ule mstari ukifika ukingoni jiwe linatoka vipande viwili. Ningekushauri tuifanye kidani. Shingoni haigongwi na sufuria. (Karati moja na nusu ya jiwe ni uzito, gramu 0.3. Haihusiani na karati 18 ya dhahabu. Nasema kwa wengine wanaosoma.)

Na jingine la hapa kwetu. Mwanza ni miamba, na vumbi la miamba hii lina chembe za madini ya kwatzi (quartz) ambazo ugumu wake ni 7. Zaidi ya tanzanite. Ukifuta pete yenye vumbi kwa upindo wa kanga unaipiga msasa. Suuza kwanza, ndipo ufute.

Sista_Nyegezi

Sasa nitajuaje hata kama ni ya kweli? Nisije nikalia bure.

Fundi_Makoroboi

Igeuze taratibu karibu na dirisha. Tanzanite inabadilika, huku buluu huku zambarau. Kioo kinabaki na buluu yake ile ile. Ikibadilika haijathibitishwa bado, lakini isipobadilika, lia kwa sababu nyingine.

Mzee_wa_Hoja

Mbona mnatishana? Mimi nasafisha pete kwa dawa ya mswaki miaka kumi, inawaka kama taa. Mke wangu anaweka jiki kidogo. Hakuna kilichotokea.

Fundi_Makoroboi

Mzee wangu, inawaka kwa sababu unaikwangua. Dawa ya mswaki ina unga wa kusugua meno, na meno ni magumu kuliko dhahabu. Chukua lenzi uangalie, utaona mikwaruzo kama uwanja uliofagiwa. Mara mbili kwa mwaka haitakuua. Kila Jumapili kwa miaka kumi, ningependa kuiona ile nakshi ya pembeni kama bado ipo.

Jiki ndiyo mbaya zaidi, na ubaya wake hauonekani. Klorini inashambulia vile vyuma vilivyochanganywa na dhahabu, hasa pale palipokunjwa au kuchomelewa: makucha, vifungio, pete za mnyororo. Juu panang'aa, ndani panafanya nyufa. Siku moja unashangaa kito hakipo. Nawapata sana wanaofua mashuka ya wagonjwa na wageni.

Mzee_wa_Hoja

Nakshi haipo. Nilidhani niliinunua hivyo.

MtuWaMiamba

😂😂😂

MamaKirumba

Na ndimu je? Na ukwaju? Bibi alikuwa anasafishia ukwaju. Nina lulu zake, na shanga za marijani.

Fundi_Makoroboi

Bibi alisafishia ukwaju vyombo vya shaba, nadhani. Kwa lulu na marijani hapana, hapana, hapana. Ni jamii moja na chokaa na ganda la konokono; asidi ya ndimu inazila. Hata jasho na manukato yanazila polepole. Lulu ni ya mwisho kuvaa na ya kwanza kuvua, unafuta kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Usizitundike zikining'inia kwa miaka, uzi unalegea. Zumaridi nyingi nazo zina nyufa zilizojazwa mafuta ili zipendeze, ukiziweka kwenye maji ya moto na sabuni kali mafuta yanatoka na nyufa zinajitokeza. Mtu anakuja kusema jiwe limebadilishwa.

Kijana_wa_Buzuruga

Hilo la kubadilishiwa jiwe ndilo linanitisha. Masonara si mnalo hilo?

Fundi_Makoroboi

Wapo. Sitawatetea. Kabla hujaacha kito chako, kiangalie kwa lenzi na kichore kwenye karatasi, doa liko wapi, ufa uko wapi. Piga picha kwa karibu mbele ya fundi. Pima uzito naye, andikeni wote wawili. Fundi mwaminifu hatakasirika, na akikasirika umeshapata jibu. Ukiyeyusha mkufu wa zamani, omba ukae uone. Kupungua kidogo kwa moto na tupa kupo, lakini kuwe kumesemwa kabla. Mavumbi ya tupa ni ya nani, nayo semeni kabla. Mimi nilikuwa naona aibu kuulizwa hivyo nilipoanza kazi. Siku hizi naanza mimi.

BintiUkerewe

Almasi yangu ndogo imefifia, nikisafisha siku mbili inarudi vile vile. Ni kioo?

Fundi_Makoroboi

Unapika kwa mafuta, mwalimu? Almasi inapenda mafuta kuliko jiwe lolote. Migodi ya almasi zamani ilitumia tabia hiyo hiyo: meza imepakwa grisi, maji yanapita na mawe, mengine yanateleza na almasi inanasa. Kwa hiyo kufifia ndani ya siku mbili ni ushahidi kidogo wa upande wako. Osha kwa sabuni kila wiki, na usiihifadhi na wenzake. Itazikwaruza zote, na tanzanite ya jirani yako Nyegezi ikiwemo.

mamantilie_wa_mwalo

Habari zenu. Mwenye pete ni mimi.

Nilimpa ruhusa fundi ila sikujua mtakuwa wengi hivi. Jana nimeichukua. Imesoma gramu 4.14, tumepima pamoja, kaniandikia. Imekuwa njano, ila ukiiinamisha kwenye mwanga kuna sehemu haing'ai sawa na nyingine. Nimemwambia aache hivyo hivyo asiendelee kuilamba kwa tupa.

Fundi alinituma na hospitali nikapimwe kwa ajili ya ile zebaki. Nimeenda, nasubiri majibu. Kukamua sikamui tena, na mume nimemwambia kile kidonge kisiingie jikoni kwangu wala kisichomwe karibu na watoto. Alinibishia. Nikamsomea huu uzi hadi pale pa mapafu.

Kijana_wa_Buzuruga

Kwa hiyo mume amerudi nyumbani?

mamantilie_wa_mwalo

Karudi na begi lake juzi usiku. Anasema nimwombe radhi mbele ya kaka yake kwa zile wiki mbili alizolalia mkeka. Bado nafikiria.